Mtu wa Penseli

Nikiri mapema, maana nisipokiri sasa nitazunguka ukurasa mzima: safu ya kabila niliiweka mimi. Serikali haikuniagiza, wala chama chochote. Niliiweka kwa sababu upande wa kulia wa karatasi ulibaki na nafasi ya vidole vitatu, na nafasi ile ilikuwa inanisumbua.

Kijiji chetu kiko pale ambapo jiji la Arua, hapa Uganda, linaishia na mashamba ya muhogo ya Ayivu yanaanza. Tulikuwa tunajiandaa kumchagua mwenyekiti wa kijiji, na kura hiyo kwetu haina sanduku: wagombea wanasimama uwanjani, watu wanapanga mstari nyuma yao, mistari inahesabiwa. Kamati ilihitaji rejista mpya ya wakaaji, ikanipa kazi hiyo kwa sababu ya mwandiko wangu. Niliacha sekondari mwaka wa pili. Yaliyobaki nimejifunza kwenye magazeti ya kufungia maandazi, kwa hiyo nikipewa karatasi safi ninatetemeka kama mtu aliyeazimwa nguo ya harusi. Niliandika jina, jinsia, umri na nyumba. Ikabaki ile nafasi. Nikakumbuka fomu moja ya zahanati iliyokuwa na safu ya kabila, nikapiga mstari kwa rula, ukurasa ukatulia.

Nilipita mlango kwa mlango. Wengi walisema Lugbara bila kuinua macho. Fundi cherehani aliniambia, "Andika fundi." Mwanamume mmoja aliomba nirudi kesho, kwanza amuulize kaka yake.

Katika vyumba vya kupanga tunamokaa, mimi na mama yangu tuko cha tatu. Cha nne anakaa bibi mmoja ambaye kila mtu anamwita Habuba, yaani nyanya. Ndiye aliyekuwa ananiogesha mama alipokuwa sokoni.

"Andika Kakwa," alisema.

Ningeandika nikaenda zangu. Lakini Wakakwa wako Uganda, wako Sudan Kusini, wako Kongo, nami sipendi kitu kibaki nusu. Nikamuuliza, "Wa Koboko huku Uganda, au wa ng'ambo ya mpaka?"

"Mimi nilizaliwa Koboko. Vita ikatukimbiza Sudan, nikaolewa huko. Vita ya huko ikanirudisha hapa. Wewe ndiye umesoma, chagua."

Sikuweza kuchagua. Wengine wote niliwaandika kwa wino, yeye nikamwandika kwa penseli, ili nihakikishe baadaye.

Kamati haikungoja baadaye. Ilibandika rejista kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, mahali ambapo kijiji kizima hupita na unga kichwani. Kufikia mchana watu walikuwa hawaangalii majina tena. Walikuwa wanaangalia penseli.

Mwenye nyumba wetu aliiona kwa furaha kuliko wote. Alikuwa mmoja wa wagombea wawili, na tangu Arua ilipofanywa jiji alikuwa anataka kubomoa vyumba vyetu ajenge maduka. Sisi wengine angeweza kutuondoa wakati wowote. Aliyemzuia ni Habuba, kwa kuwa marehemu baba yake mwenye nyumba alimwahidi mbele ya watu kwamba atakaa chumba cha nne hadi kufa kwake.

"Baba yangu aliahidi mkaaji," mwenye nyumba alitangaza pale mashineni. "Huyu ni mtu wa penseli. Mtu wa penseli ni mgeni. Anaweza kufutika."

Mgombea wa pili alikuwa yule fundi cherehani. Aliruka kutoka kwenye cherehani yake pale pale barazani na futi ya kupimia bado iko shingoni. "Wewe mwenyewe ulizaliwa wapi? Si Kongo? Baba yako alizaa watoto watatu huko, wakati wazee wetu wote walikuwa wakimbizi!"

"Mimi nilizaliwa ukimbizini, ndiyo," alisema mwenye nyumba, "lakini nilizaliwa nikielekea nyumbani."

Watu walilifikiria hilo kwa siku tatu. Wapo walioona lina maana. Walianza kuja kwangu kuuliza kama wazazi wao nao walikuwa wanaelekea nyumbani, na kama ninaweza kuongeza safu nyingine. Niliwaambia kwamba safu niliibuni mimi, kujaza nafasi. Hakuna aliyeniamini.

"Kijana, usitudanganye," alisema mzee wa kamati. "Kitu kama hiki kinatoka juu."

Nilimchukua Habuba tukaenda Koboko kutafuta ushahidi. Mwenyekiti wa mahali alipozaliwa alikuwa mtu mwangalifu, karibu anishinde mimi. Alitupa kiti, akatuuliza maswali saa nzima, akaandika barua, akaipiga muhuri. Barua ilisema kwamba mama huyu alizaliwa hapa, ila wakati huo watu wa hapa walikuwa wanalala ng'ambo kwa ajili ya mifugo, hivyo ofisi inathibitisha kuzaliwa lakini haithibitishi hapa. Habuba aliikunja akaiweka kifuani kama dawa. Mimi njia nzima nilitamani kuiandika upya.

Mashineni, mjadala ulikuwa umehamia kwenye mistari yenyewe. Redioni walikuwa wanazungumzia sheria ya uchaguzi, kila mtu akawa mwanasheria. Katekista alitetea mstari: mtu mwaminifu haogopi kuonekana.

"Katekista, wewe una nyumba yako," mama wa mashine alimjibu huku anakung'uta gunia. "Mimi ninapanga. Nikisimama nyuma ya fundi, mwenye nyumba anaona mgongo wangu. Walete karatasi na sanduku."

"Sanduku linaibiwa."

"Na chumba hakiibiwi?"

Siku ya kura tulikusanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Msimamizi alikuwa mwalimu wa kutoka mbali, mwenye filimbi. Jua lilikuwa kali, na mstari wa fundi ulijipinda taratibu kufuata kivuli cha darasa hadi mkia wake ukakaribia mstari wa mwenye nyumba, ikabidi mwalimu apulize filimbi kuwatenganisha. Nilihesabu mimi. Nilihesabu mara mbili: sitini kwa sitini.

Ndipo Habuba akaingia uwanjani na kigoda chake. Wafuasi wa fundi walianza kupiga vigelegele. Walikuwa wamemtetea wiki mbili. Alipita mbele yao polepole, akasalimia, akaenda kuweka kigoda nyuma ya mtu wa mwisho katika mstari wa mwenye nyumba. Akakaa.

Vigelegele vilikatika. Fundi akamkimbilia msimamizi.

"Mwalimu, mimi ninampenda huyu mama kama mama yangu," alisema. "Lakini sheria ni sheria. Rejista inasema nini? Huyu iko kwa penseli!"

"Penseli gani?" mwenye nyumba alinguruma. "Huyu ni mwenyeji! Huyu mama iko hapa tangu nyumba haijajengwa!"

"Juzi ulisema ni mgeni!"

"Juzi nilikuwa sijafanya uchunguzi!"

Watu waliokuwa wanaimba kwamba sote tulikuwa wakimbizi sasa walikuwa wanapaza sauti arudi kwao Sudan. Waliotaka afutwe walimzunguka kwa mikono kama walinzi. Mtu alimwomba Habuba ile barua ya Koboko, kila upande ukasoma nusu yake.

Mwalimu akanigeukia. "Katibu, safu hii ni ya nani?"

"Ni yangu," nilisema. "Nafasi ilibaki."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, na natumaini sitatazamwa tena. Kisha akamuuliza mwenye nyumba: "Unathibitisha huyu ni mkaaji?"

"Wa kudumu! Chumba cha nne! Kwa ahadi ya baba yangu, hadi Mungu amchukue!"

"Iandikwe hivyo. Kwa wino. Uweke sahihi."

Niliandika maneno yake yote, herufi zikipanda na kushuka kama mbuzi mlimani. Ni ukurasa mbaya kuliko yote niliyowahi kuandika. Mwenye nyumba akaweka sahihi, kamati ikaweka, na akashinda, sitini na moja kwa sitini.

Wiki iliyofuata alimleta mwashi kupima maduka. Mwashi aliuliza kama chumba cha nne kitabaki. Mwenyekiti wetu mpya akasema kitabaki, imeandikwa. Mwashi akagonga kuta, akasema basi cha tatu na cha tano vitabaki pia, maana ndivyo vinavyokishika, na paa ni bati moja toka mwanzo hadi mwisho, hivyo hakibomolewi hata kimoja. Waliondoka bila kutuaga.

Nilikwenda kumpongeza Habuba kwa akili yake. Nilimwambia alimtega vizuri.

Aliacha kuchambua maharagwe. "Kumtega? Mwanangu, mimi niliogopa. Mutu akiogopa anakaa karibu na mwenye ufunguo."

"Na kama ingekuwa karatasi na sanduku?"

"Ningempa fundi."

Nilifanya hesabu kichwani. Fundi angeshinda, mwenye nyumba asingesema neno lolote la ahadi uwanjani, na leo pangekuwa na duka la simu mahali tulipokaa. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hata hivyo," alisema, "niandikie barua. Waambie wa juu walete sanduku. Mimi sitaki tena kuogopa mbele ya watu."

Nilianza siku ileile. Nimeshaiandika mara nne. Kila asubuhi ananiuliza kupitia ukutani imefika wapi, nami ninamjibu kwamba bado ninaisahihisha.