Waliomo Ndani ya Kamera ya Pangani

Siku moja haijanitoka akilini hadi leo, mwanangu, nayo ni ile niliyotaka kufungua mgongo wa kamera ambayo haikuwa yangu bado. Nimeikumbuka asubuhi hii ulipoingia hapa Makorora mbio mbio, shikamoo ukaitoa ukiwa ungali mlangoni, ukaniwekea mezani kamera kuukuu uliyoinunua kwa mtu kupitia simu. Umesema ina mkanda ndani, utausafisha, na picha utaziweka mtandaoni watu waone mambo ya kale. Nimekuona macho yanavyokung'aa. Keti basi, chai imo chupani, nikusimulie.

Kazi hii nilifundishwa na shangazi yangu, Mwanaidi, mpiga picha wa upande wa wanawake. Harusi zetu unazijua: wanaume kwao, wanawake kwao, na huku kwetu mitandio inavuliwa, nywele zinaachwa wazi, watu wanacheza mpaka wanalowa jasho. Mwanamume haingii. Lakini picha zikishapigwa sharti zisafishwe, na studio zote wakati huo zilikuwa za wanaume. Kwa hiyo shangazi alizisafisha mwenyewe jikoni kwake, madirisha ameyaziba kwa mablanketi, kisha negativu akamkabidhi bibi harusi mkononi, asibaki na hata moja. Walikuwepo waliomshinda kwa ufundi, lakini aliyekuwa akiitwa hadi Muheza na Pangani ni yeye.

Nilipoanza kuielewa kazi, nikatamani kamera yangu. Sikutaka hizi ndogo za kubana jichoni. Nilitaka ile kubwa ya mkanda mpana, yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ambayo unaishika kifuani na kuinamisha kichwa kutazama kioo kilicho juu yake. Ukimwelekezea bibi mtu mzima kamera usoni, anakunja ndita. Ukimwinamia, anakuona una adabu, uso unamlegea. Na picha yake, mwanangu! Unasoma hata maandishi ya kanga aliyojifunga mtu wa nyuma.

Tukasikia kuna Bwana Nassor huko Pangani, mtu wa zile familia za asili ya Oman, anauza vitu vya marehemu dada yake. Tukaenda. Akatukaribisha kahawa, akaileta kamera ndani ya mkoba wake wa ngozi uliong'arishwa vizuri. Mimi niliipenda kabla haijatolewa mkobani. Shangazi akaninong'oneza, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani."

Mkoba akausukuma pembeni, maana ngozi hunywa unyevu wa pwani na ukungu huanzia humo. Akaimulika lenzi kwa tochi, kiubavu ubavu, akitafuta vile vinyuzi vyeupe vinavyotambaa kwenye kioo. Havikuwepo. Baada ya hapo ilibaki kuifyatua kwa mwendo wa polepole na kusikiliza, kwa kuwa kamera iliyokaa sana hushikwa na mafuta yaliyoganda, ikasuasua. Lakini mimi udadisi ulikuwa umenijaa hadi kooni. Nikataka kuona ndani kukoje. Kidole changu kikaenda kwenye komeo la mgongo.

"Koma we!" Shangazi alinipiga kofi la mkononi, kahawa ikanimwagikia. "Wafungua mlango wa watu bila hodi?"

Akaigeuza kamera, akanionyesha kidirisha chekundu kidogo nyuma yake. Namba saba, namba ya picha iliyofikiwa, ilikuwa imesimama pale. Mle ndani mlikuwa na mkanda ulioishia katikati, na mgongo ungefunguka mwanga ungeuunguza.

Bwana Nassor akacheka. "Ah, hiyo ya zamani hiyo, Bi Mwanaidi. Utoeni muutupe. Mkinunua kamera, na kilichomo ni chenu."

"Kamera twanunua, Bwana Nassor," shangazi akasema. "Watu waliomo hatuwanunui. Marehemu alikuwa akiwapiga kina nani?"

"Wanawake wa humu ndani. Kina nani wengine?"

Alipokwisha kusema hivyo, maneno yake mwenyewe yakamrudia. Akaweka kikombe chini, akaita, "Rukia! Hebu njoo, mama."

Rukia alikuwa binti wa yule marehemu. Alitoka jikoni na unga mikononi. Alipoelezwa kuna mkanda, swali lake lilikuwa moja tu: "Mama yumo?"

Kumbe mama yake aliipiga picha nyumba nzima, ila yeye mwenyewe hakupigwa, kwa sababu kamera haikumtoka mkononi. Alipofariki wakatafuta makabatini kote wasipate hata picha yake moja. "Uso wake waanza kunipotea," Rukia akasema. "Nikifumba macho naiona nguo, siuoni uso. Naogopa."

Shangazi akamwomba ruhusa ya kuusafisha. Rukia akakubali, kwa sharti na yeye awepo. Mimi zile nafasi zilizobaki nilizitamani nijaribie kamera. Shangazi akatikisa kichwa kukataa. Nikauzungusha mkanda hadi mwisho bila kufyatua, nikautoa, nikalowesha ile karatasi yenye gundi iliyo mwishoni mwake na kuufunga.

Kamera tukailipia, na Rukia akaja hapa Makorora. Joto la miaka lilikuwa limeula ule mkanda, picha zikatoka hafifu kama chai iliyoongezwa maji. Lakini zilitoka. Wanawake wanasukana mkekani, mmoja anacheka hana jino. Rukia akawataja kwa majina yao, mmoja mmoja, na mama yake hakuwemo. Shangazi akaitia maji ya dawa karatasi ya picha ya mwisho, ile ya namba saba. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa.

Kikatokea kioo cha kabati. Ndani ya kioo, mwanamke ameshika kamera kifuani, kichwa amekiinamisha kama kamera ile inavyotaka. Paji la uso likaonekana, na kope, na tabasamu dogo. Macho hayakuonekana, alikuwa ametazama chini. Nikasikitika. Nikasema, "Maskini, hatutazami."

"Ananitazama," Rukia akasema. "Nikilala mapajani mwake, hivi ndivyo alivyokuwa akinitazama. Ndiye. Ndiye huyu." Akalia, na sisi tukalia naye, mikono imelowa dawa.

Na jambo hili shangazi alinieleza baadaye, tukikunja mablanketi. Yule mama aliipiga picha ile na hakuusogeza mkanda. Basi ile saba ndiyo iliyokuwa imekaa nyuma ya lenzi siku ile. Komeo lingefunguka, uso ule ungekuwa wa kwanza kuungua.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Kamera kuukuu nunua, ni kitu kizuri. Imulike lenzi, sikiliza mlio wake, isiishi mkobani, ipate upepo. Ila kabla ya yote chungulia kidirisha. Ukikuta namba, ujue umepokea amana. Udadisi si dhambi, asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini piga hodi kwanza, uitikiwe, ndipo uingie. Na wakikujibu hapana, mrudishie mwenyewe mkanda wake, mtandao utapata vya kuonyesha vingine.

Mungu akupe jicho lenye haya na mkono wenye subira. Wenye wazazi hai awawekee wazazi wao mpaka wawapige picha. Nawe, kila unayemwinamia kwa kamera, amjalie ainuke akiwa na furaha.

Haya, kidirisha chako kimesimama kwenye nne, nimekwisha kukiona. Lete hiyo simu tumpigie aliyekuuzia. Na mimi nataka kujua ni nani aliyemo.