Homa iliyokataa kushuka: mke wangu, kemo, na fangasi kwenye pafu

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yametokea nyumbani kwangu na sijatia chumvi. Asiyeniamini aniamini nusu, nusu nyingine akamuulize daktari.

Mimi ni clearing agent hapa mpakani Malaba. Kazi yangu ni kugombana na madereva wa malori na system ya forodha. Mke wangu Athieno anauza vitunguu sokoni, kwao ni Nagongera, upande wa Uganda. Mwaka jana alipatikana na leukemia, yaani saratani ya damu.

Akaanza kemo. Waliopitia wanajua. Ile dawa inaua saratani, lakini inafagia na chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili.

Baada ya raundi ya pili akaruhusiwa kupumzika nyumbani. Akachagua kwa mama yake, eti kuna hewa safi.

Hewa safi, wakuu!

Kwa wasiojua: upande ule mihogo ikishamenywa inalundikwa na kufunikwa mpaka iote ukungu. Kisha ukungu unakwanguliwa, mihogo inaanikwa na kutwangwa. Unga wake ukichanganywa na wa wimbi, yaani ulezi, ugali wake hauna mpinzani. Watu wamekula hivyo tangu mababu na wako salama.

Sasa Athieno hawezi kukaa bure. Alimsumbua mama yake mpaka akapewa kazi nyepesi: kukaa kwenye kigoda na kukwangua ukungu. Vumbi likipeperuka anapiga chafya, wanacheka wote.

Homa ikaja. Tukakimbia hospitali. Antibiotics za kwanza, wapi. Wakabadilisha, wapi. Kikohozi, kifua kinamchoma, mwisho makohozi yana damu.

Mimi nilidhani TB. Mjomba wangu alishaanza kutaja majirani wachawi. CT scan ikaonyesha doa kwenye pafu, daktari akasema ni fangasi.

Fangasi? Mimi niliyoijua ni ya vidole vya miguu!

Daktari akauliza kama amekaa karibu na vumbi au kitu chenye ukungu. Athieno akaeleza ya mihogo. Daktari akasema hawezi kuapa kwamba ilitoka pale, maana mbegu za ukungu ziko hewani kila mahali. Sisi tunazivuta na mwili unazimaliza. Wa Athieno haukuwa na nguvu hiyo.

Kibaya zaidi, kemo ikasimamishwa ili fangasi itibiwe kwanza. Saratani nayo haijui kusubiri. Niliogopa, wakuu, sioni haya kusema.

Mama mkwe aliposikia alilia kwenye simu: "Mimi naua mtoto yangu na mkono yangu." Akakataa kabisa kuja hospitali. Na kwa mila zao mimi na yeye hatukai chumba kimoja, ningembembelezaje?

Athieno akaninyang'anya simu. "Mama, mimi nakohoa, sijakufa. Kuja."

Akaja. Mimi nikahamia korido. Kupitia dirisha nilimwona amemshika mwanawe miguu, anaisugua taratibu. Nililia pale pale, askari wa mlango wa wodi akajifanya hanioni.

Dawa ya fangasi ilianza kwa drip, baadaye vidonge. Homa ikashuka polepole. Doa likapungua, kemo ikarudi kwa uangalifu, na vipimo vya mwisho vya uboho wa mifupa havikuonyesha saratani. Vidonge bado anameza, na clinic bado tunakwenda.

Nilichojifunza: mtu wa kemo akae mbali na vumbi la ukungu, liwe la mihogo, ghala la mahindi au majani yanayooza. Homa ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Na ikikataa antibiotics, ulizeni daktari kuhusu fangasi mapema. Msimlaumu aliyempikia na kumlea mgonjwa wenu, hakujua.

Mliouguza mtu wa saratani ya damu, ninyi mlifanyaje nyumbani? Shusheni uzoefu hapa.

Nikichelewa kujibu mnivumilie. Athieno amesharudi sokoni kuuza vitunguu, na ameniagiza nimbebee magunia.