Glenys Hallam hatoi kamera mpaka uhesabu njegere

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya pili ya Novemba, wanafunzi kumi na watatu wamesimama kwenye korido nje ya chumba namba 14. Mlango umefungwa. Mwalimu wao wa utengenezaji wa video, Dermot Pashley, hajawahi kuchelewa. Siku zote wakifika wanamkuta ndani, birika limeshachemka, na yeye anafuta ubao ambao tayari ni safi.

Glenys Hallam, mtunza vifaa wa chuo, anatoka stoo ya kamera iliyo mkabala na kuwafungulia kwa ufunguo wake. Anawaambia wakae, labda mwalimu amekwama barabarani. Anajaza birika na kuliwasha.

Saa tano anaingia mkuu wa chuo, Bi Tindall. Anaufunga mlango taratibu na kuwaambia kwamba Bwana Pashley amefariki nyumbani kwake usiku wa kuamkia siku hiyo. Moyo. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

"Birika lilikuwa limejaa, vile alivyopenda kulijaza yeye," anasema Glenys. "Nikamwaga maji yote. Sijui kwa nini niliyamwaga."

Glenys ana miaka hamsini na minane. Ni mzaliwa wa Rotherham, Uingereza, na kabla ya chuo alisafisha filamu kwenye duka la picha mjini kwa miaka kumi na saba, mpaka duka likafungwa. Kazi ya stoo ameifanya miaka kumi na tisa. Hulipwa pauni 1,380 kwa mwezi, na kwa kuwa mkataba wake ni wa siku za masomo tu, kila Agosti huosha vyombo kwenye mgahawa wa bustani ya maua.

Kazi yake, kwa karatasi, ni kutoa kamera na kuzipokea. Kila kifaa kina saini, hata kamba ya begi. Wanafunzi humtania kwamba mumewe, Royston, naye akitaka kwenda kunywa bia lazima asaini kwanza. Glenys huwajibu kwamba Royston hutoka bila saini, ila akirudi amekwaruzwa analipa.

Lakini kuna sharti moja ambalo halimo kwenye mkataba wake, na hilo ndilo lililomweka matatani mwezi ule.

Bwana Pashley hakumruhusu mwanafunzi kushika kamera kabla ya kumchunguza mwongozaji mmoja wa video za muziki. Hakutaka historia ya maisha yake wala orodha ya tuzo. Alitaka mwanafunzi achague video moja ya mwongozaji huyo na kuitazama bila sauti, akiwa na chupa ya jamu na njegere kavu. Kila picha inapokatwa, anadondosha njegere moja. Kisha aitazame tena, na kuandika ukurasa mmoja: kwa nini amekata hapa, na mimi na kamera hii ya chuo nitachukua nini kwake?

Ukurasa ukimridhisha, alitia herufi zake mbili chini kwa kalamu ya kijani. Glenys alikuwa haangalii kingine. Kijani kipo, kamera inatoka.

Sharti hilo lilitokana na aibu. Miaka mingi nyuma, kundi moja lilimpenda mwongozaji aliyejaza uwanja kwa wacheza dansi mia tatu. Wao wakaleta binamu kumi na mmoja na mashine ya moshi ya kukodi. Kengele ya moto ikalia, na chuo kizima kikasimama nje kwenye mvua kwa saa nzima. Pashley alirudi ndani amelowa, akamwomba Glenys amnunulie kilo mbili za njegere.

Ijumaa, siku tatu kabla ya kufariki, makundi manne ya darasa hilo yalileta chupa zao. Kundi moja lilikuwa na njegere mia mbili na kumi na mbili. Keeley Sowter, mwenye miaka kumi na saba, alileta chupa tupu.

Darasa lilicheka. Hamza Rafiq, mwimbaji wa kundi la Keeley mwenyewe, alimuuliza kama njegere amezila njiani. Pashley hakucheka. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaigeuza, akamwambia Keeley aeleze Jumatatu.

Wiki mbili baadaye chupa ilikuwa bado juu ya meza ya Pashley, na ukurasa chini yake haukuwa na kijani. Kurasa za makundi mengine matatu pia. Bodi ya mitihani ilitaka video tarehe kumi na tano Desemba.

Mwalimu wa muda, mtu mpole anayefundisha jiografia, aliwaambia wanafunzi wachukue tu kamera wakarekodi. Glenys alifunga stoo.

"Wewe si mwalimu, Glenys," Hamza alimwambia dirishani.

"Ndiyo, mwanangu. Ndiyo maana siwezi kutia saini."

"Sasa nani atatia? Tumfufue?"

Hamza alijuta kabla hajamaliza kusema. Glenys alimtazama, akampa kiti, akamwambia akae. Alikaa hapo mpaka kipindi kikaisha.

"Nilikuwa nafanya ukaidi, najua," anasema sasa. "Watoto wangeanguka mtihani kwa sababu yangu. Lakini nikitoa kamera bila ule ukurasa, basi hata wiki mbili hazijapita tangu tumzike, na kila alichofundisha nimekizika mimi."

Kufikia mwisho wa Novemba Bi Tindall alikuja stoo na habari mbaya. Hakukuwa na mtu wa kuthibitisha kazi za darasa lile. Ilionekana heri somo lifungwe, na wanafunzi wahamishiwe kwingine.

Glenys hakubishana. Alimwomba akae, akaweka mbele yake chupa ya Keeley, akamjazia njegere mkononi. Akamwita Keeley, akawasha video aliyoichagua Keeley, bila sauti. Ni ya mwongozaji wa Norway, Marit Oksvold: mwanamke anakunja mashuka ya mtu ambaye hayupo, dakika nne.

Bi Tindall alisubiri picha ikatwe. Dakika ya kwanza. Ya pili. Alisogeza mkono juu ya chupa. Video ilipokwisha alifungua kiganja, njegere zote zimo, zimemwachia alama nyekundu.

Glenys alimgeukia Keeley na kumuuliza swali ambalo Pashley angemuuliza: kwa nini hakukata?

"Akikata, tunapata pa kuondokea," Keeley alijibu. "Hataki tuondoke."

Bi Tindall alizimwaga njegere mezani. Kisha akasema Glenys asikilize kurasa zote, na fomu za bodi atazitia saini yeye mwenyewe.

Keeley alichagua kurekodi kwenye soko la ndani wakati wauzaji wanafunga: picha moja, bila kukata, Hamza akiimba na kutembea huku milango ya bati ikishuka nyuma yake mmoja mmoja. Milango hiyo hushushwa mara moja tu kwa siku, saa kumi na nusu jioni. Kwa hiyo walikuwa na jaribio moja kila siku, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Jumatatu muuza samaki alimuuliza Hamza katikati ya wimbo kama mama yake bado anataka ile haddoki. Jumanne Hamza alisahau maneno. Jumatano betri ilikata dakika ya tatu. Glenys hakuwa ameichaji, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Aliwaomba radhi mbele ya wauzaji. Alhamisi Keeley, aliyekuwa akirekodi huku akitembea kinyumenyume, alijikwaa.

Ijumaa Glenys alifika mwenyewe na betri tatu mfukoni. Alitembea nyuma ya Keeley, ameshika mkanda wake ili asijikwae. Mlango wa mwisho ukashuka. Keeley akazima kamera.

"Ukisikiliza vizuri, mwishoni kuna mtu anapumua," anasema Keeley. "Ni Glenys. Sijamtoa."

Video zote nne zilifika kwa wakati. Keeley alirudi stoo na ukurasa wake, akachomoa kalamu ya kijani kwenye kikombe cha Pashley, ambacho Glenys alikuwa amekihamishia stoo, akamwomba Glenys atie herufi zake. Glenys aliirudisha kikombeni. Alitia saini kwa penseli, chini zaidi, na ile nafasi ya kijani akaiacha wazi.

Sasa anataka kusomea ualimu wa ufundi, jioni mbili kwa wiki, kwa miaka miwili. Ameshajaza fomu, na usaili ni Alhamisi ijayo. Royston amemwambia akipata, yeye ataanza kusaini.

Nafasi ya mwalimu bado haijajazwa. Chumba namba 14 hufunguliwa saa tatu kasoro dakika kumi, na Glenys ndiye anayefungua.