Fundi Aliyempandisha Mkaguzi Juu ya Bati

Saa mbili asubuhi, Mama Ngazi anaegemeza ngazi ukutani, anaitikisa, kisha anamgeukia mkaguzi wa kodi.

"Vua viatu, kaka. Bati halitaki soli za ofisini."

Mkaguzi anatazama juu, kisha anavua viatu.

Mama Ngazi ni fundi wa sola. Nyumba hii ni ya muuguzi mstaafu, aliyetoa akiba yake kufunga umeme wa jua baada ya fundi kumhakikishia kuwa wenye nyumba wanaofanya hivyo hupunguziwa kodi.

Walianza kwa kuvutana. Muuguzi alitaka paneli zikae upande wa barabara.

"Nimelipa pesa yote ile, halafu majirani wasione?" anakumbuka, akijicheka.

Fundi alikataa katakata. Upande huo, ghorofa la jirani hutia kivuli hadi adhuhuri. Akazifunga nyuma.

Mkaguzi alipokuja mara ya kwanza, alichungulia kutoka getini, hakuona kitu, akaandika kuwa hakuna paneli. Punguzo likakataliwa. Mtaa ukanong'ona kwamba fundi kamwingiza mama wa watu mjini.

"Nililia," anasema Mama Ngazi bila haya. "Kazi hii jina ndilo mtaji. Likichafuka, watoto watakula nini?"

Paa moja humpa riziki ya wiki mbili, yeye na wanawe watatu. Baada ya maneno yale, wateja wawili walighairi. Fundi mwingine angehama mtaa. Yeye alikwenda ofisi ya kodi, akarudishwa, akaenda tena.

"Walinichoka, ndipo wakanisikiliza."

Sasa mkaguzi amefika juu, ameng'ang'ania ngazi kwa mikono yote miwili.

"Kumbe zimejaa huku!" anasema. "Basi, nimeziona. Nishusheni."

"Shuka kinyumenyume, mwanangu!" muuguzi anampigia kelele kutoka chini.

Mkaguzi anashuka, anatia saini pekupeku. Punguzo limekubaliwa. Muuguzi anamkumbatia fundi wake.

"Nisamehe, binti yangu. Nilianza kuyaamini maneno ya watu."

"Yamekwisha, mama."

Akikusanya vifaa vyake, Mama Ngazi anaulizwa yeye amepunguziwa kiasi gani kwa paa lake.

"Mimi? Mimi mpangaji. Punguzo ni la wenye nyumba."

Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Amenunua kiwanja kidogo, na msingi umeanza kuota majani akitafuta pesa ya matofali.

"Nitajenga tu," anasema, akijitwika ngazi begani. "Hata chumba kimoja. Na paa lake nitalielekeza juani kabla sijajua kitanda kitakaa wapi."