Jino la Mdogo Wangu

Huku kwetu Buganguzi, jirani akifa, jembe halishikwi mpaka azikwe. Ukilima umemtukana maiti. Ndiyo maana matangazo ya vifo redioni tunayasikiliza kabla ya kuingia kibanjani, kwenye migomba yetu.

Mdogo wangu alizibwa jino Bukoba mjini. Haikupita muda, asubuhi moja tunapalilia migomba, akatupa jembe.

“Leo hatulimi. Wametangaza msiba.”

“Nani katangaza? Redio imezimwa.”

Akagusa shavu. “Humu.”

Nikamwambia aache upuuzi. Lakini majirani walipomwona amekaa, nao wakaweka majembe chini. Nani anataka kugombana na maiti? Tukashinda tunatazamana. Msiba haukuja.

“Waitu, mwenzetu, maiti wako kapotea njia?” jirani mmoja akamtania. Hakucheka.

Shavu likaanza kuvimba. Nikampeleka zahanati. Tabibu akasema jino lililozibwa halikamati redio. Chini yake kuna usaha, na lisipong'olewa upesi huko Bukoba, sumu itaingia kwenye damu.

Mdogo wangu akakataa. Mwanawe aliondoka nyumbani, na simu yake haipatikani tena. “Nikiling'oa, siku wakimtaja nitasikia wapi?”

Mimi sikusoma sana, lakini ujinga nikiuona naujua. Saa ya matangazo nikawasha redio, nikamketisha mdogo wangu mbele yake. “Haya, sema jino lako linasema nini.” Akafumba macho, akataja ukoo mmoja wa Ngenge. Redio ikataja watu wengine kabisa, wa Maruku.

“Umeona?”

“Nimeona, dada. Hao wako wameshakufa. Wangu bado.”

Nikaizima.

“Kesho tunakwenda Bukoba, hata kwa kukufunga kamba.”

“Utafunga mgonjwa?” akasema, akajifunika blanketi. Mwili ulikuwa wa moto, kama sufuria iliyotoka jikoni.

Kulipokucha nilimkuta amekaa kitandani, uvimbe umeshuka mpaka shingoni, mate yanamtiririka kwa kushindwa kumeza. Alikuwa amekwisha kuvaa gauni la safari. Hakubisha tena. Hilo ndilo lililonitisha, maana mdogo wangu ni mbishi tangu kuzaliwa.

Nikamuuliza kwa ukali, nisije nikalia mbele yake, “Leo limesema nini?”

“Limenyamaza.”

Nikatoka mbio kutafuta gari. Tangu mwanzo nilitaka jino lile linyamaze. Asubuhi ile nilitamani liseme, hata kama ni neno la msiba.