Siku Nilipoikimbia Sufuria Yangu Mwenyewe

Mimi ni mwanamuke muzee, nimezika watu, nimekimbia vita na mzigo kichwani, mambo ya kunitia haya si mengi. Lakini kuna siku moja ambayo wakiitaja naangalia chini, na wanaitaja kila mara, maana wale waliokuwa mu sale ya paroki, ule ukumbi wa kanisa, siku ile (leo ni watu wazima, wengine wana watoto) wakikutana popote hapa Bunia, sokoni ama kwenye matanga, lazima mmoja aseme “nilikuwako”, na mwingine “hata mimi nilikuwako”, wanaanza kukumbushana gitaa ilivyolia na Bahati alivyopiga ngoma na macho yamefungwa, kisha wananitazama mimi. Basi afazali nieleze kwa kinywa changu.

Ilikuwa wakati wa vita, ile miaka mji wetu ulikuwa unabadilisha wakubwa kama mtu anavyobadilisha shati. Tulikuwa tumetoka Fataki, mimi na mujukuu wangu Faustin, wawili tu, wazazi wake tuliwaacha kule chini ya udongo na nyumba nyuma yetu ikiwaka. Mimi nilikuwa nauza samaki wakavu wa Tchomia, siku barabara inapokubali. Yeye alikuwa anapiga kinanda mu kwaya, na pamoja na wenzake watatu walikuwa wamefanya orkestre.

Sasa muziki wao. Haukuwa muziki wa kucheza. Waliusikia kwenye kaseti alizoacha padri mumoja muzungu aliporudi kwao, wakasema unaitwa roki progresifu. Mimi niliuita muziki usiokwisha. Wimbo mumoja unaanza ninachambua maharagi, maharagi yanaiva, tunakula, wao bado. Na ukisema uinuke ucheze kidogo, unainua mguu wa kuume, hesabu imeshageuka, mguu unabaki juu kama wa kuku kwenye matope. Watu wa kartie, mtaa wetu, walikuwa wanapita kwenye uwanja wetu wanauliza: “Mama Esperansi, hawa watoto wanatengeneza vyombo ama wanapiga?”

Nilicheka na wao. Mpaka siku Faustin aliponiambia, anakula, bila kuinua kichwa: “Koko” (ndivyo anavyoniita, bibi yake), “kuna rafiki yangu iko Kampala. Ananiita. Nitashuka Tchomia, nitavuka ziwa.”

“Na miye?”

“Hapa nampigia nani, koko? Watu wanataka ya kutikisa kiuno tu. Nikipata watu wa kunisikiliza mpaka mwisho, hata mara moja, nabaki. Nikikosa, nakwenda.”

Walikuwa wanatayarisha konseri, kupiga mbele ya watu mu sale ya paroki, na toka siku ile niliitaka kuliko yeye. Sikuwa na mtu mwingine duniani. Nilizunguka soko yote nikisema kila anayekula samaki wangu aje, na asipokuja akanunue wake ziwani.

Asubuhi ya siku yenyewe alikuja na Bahati, yule wa ngoma, kijana mrefu asiyesema sana. Vile visahani vya shaba vya kwenye ngoma vilikuwa vimeibiwa.

“Koko, utuazime ile sufuria kubwa.”

“Ya nini? Mutapika?”

“Utasikia,” Bahati akasema, na akacheka kidogo, yeye asiyecheka.

Nilikuwa na maswali, lakini nilikuwa na samaki wa kugeuza juani na inzi hawangoji, nikawapa. Ilikuwa sufuria ya Fataki, ya kupikia watu wa kilio, mkono mumoja umekatika, ukiigonga inalia kama mbuzi mwenye mafua. Faustin aliichukua chini ya kwapa, akageuka pale mlangoni. “Koko, usitoke mbele ya mwisho, ngoja mpaka tumalize. Wimbo wetu uko na vipande vinne. Kile cha mwisho ni cha kurudi Fataki. Nimekitengeneza juu yako.”

Hapo nieleze jambo moja, ndipo mutajua upumbavu wangu ulikuwa wa namna gani. Kartie yetu ilikuwa na sheria isiyoandikwa popote: mtu akiona watu wabaya wanakuja, anagonga sufuria, mbili-tatu, mbili-tatu, haraka. Anayesikia wa kwanza lazima apokee kwa sauti, na wa avenyi ya pili, ile barabara inayofuata, wanapokea na sufuria zao, hivyo hivyo mpaka mji wote unajua. Ukisikia ukanyamaza, damu ya watu iko juu yako. Na kwa avenyi yetu mpokeaji alikuwa mimi, kwa sababu ya hii sauti yangu ya kuitia samaki.

Basi konseri ilikuwa mchana, saa za jua, jioni hakuna mtu aliyekuwa anatembea. Sale ilijaa. Kila mtu alikuja na kifurushi chake cha kukimbilia (enzi zile hata misa ulienda na kifurushi), tukavikalia, maana viti havikutosha. Mimi nilikuwa mbele kabisa, nimevaa kikwembe changu cha Krisimasi, karibu na msumari wa benchi, huo msumari muukumbuke.

Wakaanza. Kipande cha kwanza kilikuwa asubuhi: kinanda pole pole, kama moshi unavyotoka jikoni kwa mtu, na gitaa linawika. Kipande cha pili soko, kila chombo kinasema lake na hakuna anayemsikiliza mwenzake, lakini ajabu, yanapatana. Nilitazama nyuma. Watu walikuwa wametulia. Mama Furaha, jirani yangu muuza chumvi, ambaye hata padri hamnyamazishi, mdomo ulikuwa wazi na hausemi kitu. Nikajisemea, wanasikiliza, Mungu wangu, wanasikiliza, mtoto atabaki. Sijui muziki, lakini siku ile nilielewa ya kuwa wimbo unaweza kuwa mrefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Machozi yalinitoka na sikuyapanguza.

Kisha vyombo vyote vikanyamaza. Kimya, kimya kabisa. Na mu ile kimya nikasikia: mbili-tatu, mbili-tatu, haraka.

Sikufikiri. Hata leo sikumbuki kufikiri. Nilisimama nikatoa ile sauti yangu yote: “WANAKUJA! WATU, TOKENI! WANAKUJA!”

Sale nzima ikawa mguu. Watu walitokea milango, walitokea madirisha, kina mama na vifurushi vichwani, na kule inje kartie ilinipokea, sufuria ya kwanza, ya pili, ya kumi, mpaka kule njia ya uwanja wa ndege mji wote ulikuwa unalia chuma. Mimi nilikuwa mbele ya wote (niko na magoti mabaya, lakini hofu haina magoti). Msumari wa benchi ulibaki na kikwembe. Nilipita mbele ya soko, mbele ya watu wote ninaowauzia, na jipo tu, ile nguo ya ndani, jipo ya zamani yenye kiraka nyuma.

Tulisimama kule kwenye mashamba ya mihogo. Hakuna risasi. Hakuna moshi. Mama Furaha alinitazama toka juu mpaka chini.

“Mama Esperansi, kikwembe iko wapi?”

“Acha mambo ya kikwembe. Nani aliwaona?”

“Si weye ulipiga kelele?”

“Nilisikia sufuria.”

“Wapi?”

Nikafungua mdomo nimuambie, na hapo hapo nikaisikia tena mu kichwa, ile sauti. Mbuzi mwenye mafua. Miaka yote nilipikia watu mu ile sufuria, naijua kama kikohozi cha bwana yangu marehemu, na nilikuwa nimeikimbia. Kipande cha tatu kilikuwa cha kukimbia. Bahati alikuwa anapiga tu wimbo.

Nilikaa chini mu mihogo. Mama Furaha alianza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo, kisha akaona uso wangu akafungua kifurushi chake, akanipa kikwembe chake cha pili.

Wakati ule ule tukasikia risasi, za kweli sasa, hewani. Wenye bunduki walikuwa wamesikia mji unalia na wao wakaja kuona nani anamshambulia nani. Hawakuua mtu siku ile, tuseme asante. Lakini walikuta sale wazi na vyombo vimesimama pale, na chombo kilichosimama chenyewe wakati wa vita ni cha mwenye kupita. Walipakia gitaa, walipakia ngoma, walipakia kinanda cha paroki. Sufuria waliiacha. Walisema imevunjika mkono.

Nilimukuta Faustin amekaa palepale kinanda kilipokuwa, magoti pamoja, kama bado kiko mbele yake.

“Mujukuu wangu, ni miye,” nikasema. “Ni miye nililia.”

“Nilikuona, koko.”

“Wangesikiliza mpaka mwisho. Niliwaangalia. Walikuwa wanasikiliza.”

“Walisikiliza sana,” akasema. “Hatukuwaza hilo.” Kisha akaniuliza kama magoti yanauma.

Nilimuomba anipigie kile kipande cha nne, hata kwa mdomo, hata kwa mluzi. Alijaribu. Akatoa sauti mbili, akaacha. Akasema bila kinanda si chenyewe, atanipigia akirudi. Juma ile ile alipanda gari la samaki kushuka Tchomia, na ni mimi nilimuombea nafasi kwa shofere, maana neno alikuwa amelitoa na mimi ndiye niliyelifanya litimie. Mtu mumoja alisema alimuona ng'ambo ya ziwa. Mwingine alisema mtumbwi wa siku ile haukufika. Nimeuliza watu wa ziwa mpaka wameanza kunikimbia wakiniona.

Kwa hiyo wale wanaosema “nilikuwako”, wacheke. Hata wao hawajui wimbo ulivyoishia, kile kipande cha nne hakuna anayekijua. Bahati ninamuuliza, anasema Faustin alikitengeneza peke yake, wao walikuwa wa kunyamaza tu, hata wao wangekisikia siku ile.

Mu ile sufuria napika bado, na sitaiazima mtu tena, hata kwa kilio ninakwenda nayo mwenyewe. Na jambo lingine nimeapa: sitoki tena mbele ya mwisho. Misa ikiisha nabaki. Kwaya wakishakwenda nabaki, mpaka yule wa kufagia anafika kwenye benchi yangu ananiambia, “Mama, imekwisha.” Namuambia afagie kwanza upande ule.