Mto Uliokauka Juu Tu

Mapema miaka ya tisini, wanunuzi wetu wa Ulaya walileta sharti jipya: hawangepokea ngozi kama maji machafu ya kiwanda yanaingia mtoni. Nilikuwa karani katika kiwanda hicho cha ngozi, nje kidogo ya Emali. Shehena mbili zilikuwa zimekwama Mombasa, nusu ya wafanyakazi walikuwa wamerudishwa nyumbani, na mkaguzi alikuwa njiani kuja.

"Mwambie mto umekauka," tajiri aliniagiza. "Kwani ni uongo?"

Haukuwa uongo mtupu, na hilo ndilo lililoniudhi. Mito yetu hukauka juu tu. Kila Mkamba anajua ukichimba mchanga utapata maji, na kila Mkamba pale kiwandani alinyamaza, mimi nikiwa wa kwanza. Tajiri hakutaka kujenga mabwawa ya kusafishia maji, nasi tulitaka kazi zetu.

Mkaguzi, mzungu mrefu mwenye buti safi, nilimfikisha mtoni saa sita, jua likichoma. Aliutazama mchanga mweupe, kisha bomba letu la maji machafu lililotokeza ukingoni.

"Hakuna anayetumia maji hapa?"

"Hakuna," nikajibu. Akatoa kalamu.

Mara mama yangu akainuka kutoka ndani ya shimo la mchanga, hatua chache mbele yetu. Nilijua huchota pale. Lakini ilikuwa siku ya mkutano wa akina mama kanisani, nami nilikuwa nimepiga hesabu kwamba hatakuwepo.

Kwa mama, mgeni hapiti bila kupewa maji. Alijaza kata, akamnyooshea.

"Karibu maji, mgeni. Hii jua ni kali sana."

Mkaguzi alitabasamu, akaipokea kwa mikono miwili. Nikajiambia: akionja tu, hatakufa, na mzigo utaondoka. Kata ikamgusa mdomo.

"Usinywe!" Nilimpokonya, kata ikaanguka, maji yakatumwagikia sote wawili.

Aliniangalia, akaliangalia shimo, akaliangalia bomba. Aliandika kwa muda mrefu, na nikajua zile shehena hazitavuka bahari.

Mama aliokota kata, akaipangusa mchanga kwa kitenge chake. Aliponigeukia, alisema kwa Kikamba, kwa sauti ya chini:

"Huyu umemjua leo asubuhi. Mimi nakunywa hapa tangu uanze kazi."